Meli Moja, Mizani Mbili: Hewa ya Bahari Yetu Nayo ni Amana

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake kwa manufaa ya waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa ya leo nimependa tuzungumze jambo ambalo ni nadra kulisikia misikitini na barazani kwetu, ilhali tunaishi nalo usiku na mchana. Nalo ni moshi wa meli, na yale unayoyafanya katika hewa iliyo juu ya bahari.

Sisi ni watu wa visiwa. Mchele tunaoula, unga, sukari, saruji ya kujengea nyumba zetu na mabati ya kuziezekea, vyote hivyo hutufikia kwa meli, na karafuu zetu huondoka kwa meli. Duniani kote, zaidi ya asilimia 80 ya mizigo ya biashara baina ya mataifa hupita baharini. Tena kwa kila tani ya mzigo, meli huunguza mafuta kidogo kuliko lori, na kidogo mno kuliko ndege. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba nimekuja kuilaumu meli. Meli ni neema, na Qurani Tukufu imezitaja merikebu zipitazo baharini mithili ya milima kuwa ni miongoni mwa dalili za uwezo wa Mola wetu. Lakini kila neema ina haki yake, na mwenye kuila neema bila ya kuitimizia haki yake huwa ameidhulumu.

Wengi wetu huutazama moshi unaotoka katika dohani ya meli, tukauona unapeperuka na kupotea, nasi tukaamini kwamba umekwisha. Bahari ni pana, twasema, na hewa yake haina mwenyewe. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie leo, kwa sababu ni dhana isiyo ya kweli, na watu wanaumia kwa ajili yake.

MOSHI HUU UNATOKANA NA NINI?

Wazee wetu walisafiri kwa tanga. Waliondoka na kaskazi wakarudi na kusi, na jahazi halikuacha nyuma yake ila povu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ikaanza safari za kila mwezi baina ya Aden na Unguja. Watu wakaviita vyombo vile merikebu za moshi, na jina hilo lilisema kweli, kwani moshi wa makaa ya mawe ndio ulioonekana mwanzo kabla ya merikebu yenyewe.

Baadaye makaa ya mawe yakaachwa, yakaja mafuta. Lakini mafuta gani? Mafuta ghafi yanaposafishwa kiwandani, hutolewa petroli, mafuta ya taa, dizeli na mafuta ya ndege. Yanayobakia chini, meusi na mazito kama lami, ndiyo waliyouziwa wenye meli kwa bei nafuu. Mafuta hayo mazito ni lazima kwanza yapashwe moto ndipo yaweze kusukumwa katika injini, na yamejaa salfa.

Tupige hesabu ndogo. Tangu Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli ya magari isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni moja. Hadi mwisho wa mwaka 2019, mafuta ya meli yaliruhusiwa duniani kote kuwa na salfa hadi asilimia 3.5, maana yake sehemu 35,000 katika milioni. Hiyo ni mara 700 ya ile iliyoruhusiwa katika gari. Dereva wa daladala akikutwa na dizeli ya namna hiyo angeonekana muovu. Kule baharini, mbali na macho ya watu, ilikuwa ni kawaida na ni halali kisheria.

Mafuta hayo yanapoungua hutoa gesi ya salfa, oksidi za naitrojeni na masizi. Gesi hizo zikikaa hewani hugeuka kuwa chembechembe ndogo mno, na unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko chembe hizo kwa mara 30 hivi. Pua haziwezi kuzizuia. Huingia ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikapenya hata katika damu, zikachochea pumu, maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa uzito wa jambo hili, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachokipendekeza cha chembe hizo kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Atakayesema kwamba hayo yako mbali baharini, na azingatie kuwa karibu asilimia 70 ya moshi wa meli hutolewa ndani ya kilomita 400 kutoka nchi kavu, kwani meli hufuata pwani na kukusanyika bandarini. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na James Corbett wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walikadiria kwamba chembe zitokanazo na meli zilikuwa zikisababisha vifo 60,000 hivi kila mwaka, vingi vikiwa katika miji ya pwani za Ulaya, Asia ya Mashariki na Asia ya Kusini. Hao ni watu waliokuwa wamelala majumbani mwao, na wengi wao hawakuwahi kupanda meli hata siku moja.

BAHARI YA HINDI IMETOA USHAHIDI WAKE

Ndugu msomaji, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta dalili. Bahari hii hii tunayoiona kutoka Forodhani imekwisha kuchunguzwa, nayo imesema.

Mapema mwaka 1999, wanasayansi wa mataifa mbalimbali walikusanyika katika utafiti mkubwa ulioitwa INDOEX, ukiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen. Kwa ndege, kwa meli, na kwa kituo walichokiweka katika visiwa vya Maldives, waliipima hewa ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi. Walilokuta liliwashangaza. Juu ya bahari waliyoidhania kuwa safi palikuwa na utando wa ukungu wa rangi ya hudhurungi, umeenea mahali penye ukubwa karibu sawa na nchi ya Marekani. Sehemu kubwa ya uchafu ule ilitoka nchi kavu, katika moto na mafuta ya Asia ya Kusini, ukabebwa na upepo wa kaskazi. Kaskazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Bara Hindi na Uarabuni hadi Malindi yetu. Basi upepo uliotuletea biashara na elimu hubeba pia kile kilichotiwa ndani yake na binadamu, wala hauulizi mipaka.

Ushahidi wa pili unahusu meli zenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, wakiongozwa na Joel Thornton, walitangaza matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za radi za miaka 12. Katika Bahari ya Hindi, kwenye njia kuu ya meli kutoka Sri Lanka hadi mlango wa Malacca, walikuta kwamba radi zilipiga mara mbili hivi kuliko kando ya njia hiyo. Ukizichora radi hizo katika ramani, hukuchorea njia ya meli kwa mstari ulionyooka. Sababu yake ni kwamba chembe za moshi huingia mawinguni, matone ya maji yakawa madogo na mengi, yakapanda juu zaidi na kuganda kuwa barafu, na mgongano wa vipande vya barafu ndio uzaao umeme wa radi.

Ushahidi wa tatu ni wa mawingu. Tangu miaka ya 1960, picha za setilaiti zilionesha mistari myeupe yenye kung'aa katika mawingu yaliyo chini juu ya bahari, mithili ya njia aiachayo konokono ukutani. Kila mstari ulikuwa ni alama ya meli iliyopita.

Kisha likaja jambo la kutia moyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), kwa Kiambatisho cha Sita cha Mkataba wa MARPOL, lilishusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.50 duniani kote. Shirika hilo lilikadiria kuwa gesi za salfa kutoka melini zingepungua kwa asilimia 77, sawa na tani milioni 8.5 hivi kwa mwaka. Mistari ile ya mawinguni ikaanza kuadimika. Na katika njia ya meli iliyo karibu na Singapore, watafiti walikuta baadaye kwamba radi zilipungua kwa karibu nusu.

Tulizingatie hilo, ndugu zangu. Binadamu alibadilisha mafuta tu, na anga la bahari likabadilika ndani ya muda mfupi. Aliyekuwa akisema kwamba bahari ni kubwa mno kwa binadamu kuiharibu, na aliyekuwa akisema kwamba iliyoharibika haitengenezeki, wote wawili wamejibiwa.

MELI MOJA, MIZANI MBILI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sheria ile ya mwaka 2020 ni ya dunia nzima, lakini juu yake yapo maeneo maalumu ambayo yamewekewa kipimo kikali zaidi. Katika Bahari ya Baltic, Bahari ya Kaskazini, pwani za Marekani na Kanada na sehemu ya Karibiani iliyo chini ya Marekani, tangu Januari 2015 mafuta ya meli hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.10 ya salfa. Tarehe 1 Mei 2025 kipimo hicho kilianza kufanya kazi katika Bahari ya Mediterania yote. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara na Visiwa vya Ngazija, hakuna eneo hata moja la namna hiyo. Kwetu kipimo ni asilimia 0.50, mara tano ya kile cha wenzetu, na mara 100 ya kile tulichojiwekea wenyewe katika dizeli ya magari.

Maana yake ni nini? Meli inaondoka Rotterdam ikiunguza mafuta safi, kwa kuwa ndani ya mstari ule ni lazima. Ikishauvuka mstari usioonekana kwa jicho, fundi wa injini hufungua vali nyingine na kuingiza mafuta machafu zaidi, ambayo ni nafuu zaidi. Injini ni ile ile, nahodha ni yule yule, na mzigo haukubadilika. Kilichobadilika ni mapafu ya watu watakaouvuta moshi huo.

Sote tuliosoma vyuoni tunaijua Suratul Mutaffifin na onyo lake kali kwa wenye kupunja vipimo, wale ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuifasiri kwa muuza mchele wa Darajani na pishi yake. Lakini je, pafu la mtoto wa Rotterdam kulindwa kwa asilimia 0.10 na pafu la mtoto wa Malindi kwa asilimia 0.50, huko si kupunja? Kipimo cha hewa nacho ni kipimo.

Lakini uadilifu unatulazimisha tuseme na upande wa pili. Maeneo yale hayakushuka kutoka mbinguni, wala hayakutolewa zawadi. Nchi zenye pwani hizo ziliyaomba, zikapeleka hoja na vipimo, zikakubaliwa. Eneo la Mediterania liliombwa kwa pamoja na nchi za Mkataba wa Barcelona, wakiwemo ndugu zetu wa Misri, Tunisia, Algeria, Moroko na Uturuki. Waliafikiana katika mkutano wa Antalya mwezi Desemba 2021, na mwaka uliofuata IMO ikapitisha. Basi aliyenyamaza hana haki ya kulalamika kwamba hakusikilizwa.

KISA CHA WALIOGAWANA JAHAZI

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Nuuman bin Bashir (R.A.) mfano alioupiga Mtume (S.A.W.), nao ni mfano ambao watu wa pwani tunaufahamu kuliko wote. Ni wa watu waliopiga kura katika jahazi, baadhi wakapata nafasi ya juu na baadhi ya chini. Wa chini walipotaka maji walilazimika kupita kwa wa juu. Wakaona ni bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasimuudhi mtu. Mafunzo ya mfano huo ni kwamba wa juu wakiwaacha, jahazi huzama na wote. Wakiwazuia, wote huokoka.

Walio chini hawakuwa na nia mbaya. Kosa lao ni kudhani kwamba sehemu yao ilikuwa yao peke yao. Ndivyo alivyo leo mwenye meli anayesema kwamba yuko katika bahari kuu, asipokaa mtu, na hamdhuru yeyote. Na mfano huo haumlaumu mtoboaji peke yake. Unamhesabu pia aliyekaa juu akaona, kisha akanyamaza.

Mafakihi wetu hawakulighafilika suala la moshi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Malik walijadili kwa kirefu moshi wa hamamu na wa tanuri unaomfikia jirani, wakauhesabu kuwa ni dhara ambayo mwenye nayo anaweza kuzuiwa, ingawa tanuri liko ndani ya milki yake. Msingi wao ni kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi, kwamba dhara haina budi kuondoshwa. Ikiwa tanuri la mkate lilihukumiwa hivyo, itakuwaje injini yenye urefu wa ghorofa kadhaa inayounguza tani nyingi za mafuta kwa siku?

HOJA ZA WANAOPINGA

Atasema msemaji: Sheikh, moshi wetu wenyewe wa mkaa, wa taka zinazochomwa mitaani na wa pikipiki chakavu uko karibu zaidi kuliko wa meli. Hilo ni kweli, nami sitaki mtu alitumie suala la meli kuwa kisingizio cha kuendelea kuchoma mifuko ya plastiki uani kwake. Lakini mama anayepikia mkaa kwa kuwa gesi imemshinda bei, na kampuni inayochagua mafuta machafu ili iongeze faida, hawawi sawa mbele ya haki. Mmoja asaidiwe, mwengine azuiwe.

Atasema wa pili: mafuta safi ni ghali, na nauli ya mizigo ikipanda, mchele utapanda. Hoja hii ni nzito, kwani sisi huagiza karibu kila kitu. Hata hivyo, gharama ya mafuta ya meli moja hugawanyika juu ya maelfu ya tani za mizigo, ambapo gharama ya pumu haigawanyiki. Hubebwa na mzazi mmoja aliyekaa usiku kucha na mtoto wake katika wodi. Gharama ipo hivi sasa na inalipwa. Tunachouliza ni nani anayeilipa.

Atasema wa tatu, naye ni msomi: chembe za salfa zilikuwa zikizuia sehemu ya mwanga wa jua na kuyang'arisha mawingu, na tangu zilipopungua mwaka 2020 bahari zimepata joto zaidi, kwa hiyo uchafu ule ulikuwa na faida. Ni kweli kwamba chembe hizo zilikuwa zikipoza, na wanasayansi wangali wakibishana juu ya kiasi cha joto kilichofichuka. Joto si jambo jepesi kwetu. Akina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, wameona mwani wao ukioza kwa maji kuwa moto, na Aprili 2024 wataalamu walitangaza tukio la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka. Lakini uchafu ule haukuliondoa joto. Ulilifunika tu, na kivuli chake tulikilipia kwa mapafu ya watu. Chanzo cha joto ni gesi ya ukaa, ambayo meli nazo zinachangia: mwaka 2018 zilitoa tani milioni 1,076 za gesi zenye kuongeza joto, karibu asilimia 2.9 ya zote zilizosababishwa na binadamu. Na mafakihi wamekwisha kutuambia kwamba dhara haiondoshwi kwa kuleta dhara mfano wake. Dawa ni kupunguza ukaa, wala si kuwarejeshea watu salfa vifuani mwao.

BENDERA YETU KATIKA BAHARI ZA WATU

Lipo jambo jengine linalotuhusu sisi Wazanzibari kwa namna ya pekee. Zanzibar ina daftari la kimataifa la usajili wa meli, ambalo linasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Meli za wageni, nyingine hazijawahi kuiona hata Chumbe, husajiliwa hapa na kupeperusha bendera ya Jamhuri ya Muungano. Daftari hilo limewahi kututia aibu. Januari 2018 Rais John Magufuli aliagiza usajili wa meli za kigeni usitishwe kwanza na zilizokwisha kusajiliwa zichunguzwe, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa ugenini kwa tuhuma za dawa za kulevya na silaha.

Wakati ule tulihoji vilivyomo ndani ya mabohari ya meli hizo. Nani anayehoji kinachotoka katika dohani zao? Kwa sheria za bahari, nchi yenye bendera ndiyo ya kwanza kuulizwa kama meli inatimiza masharti. Ada ya usajili inaingia katika hazina yetu, na jina lililoandikwa nyuma ya meli ni letu. Basi moshi wake nao, popote ulipo, umetoka kwa jina letu. Amana haiishii pale jicho linapoishia.

Na asiseme mtu kwamba sisi ni wadogo. Marshall Islands ni visiwa vyenye watu wachache kuliko Unguja, lakini vina daftari la meli lililo miongoni mwa makubwa duniani. Mwaka 2021 visiwa hivyo, pamoja na Solomon Islands, ndivyo vilivyosimama mbele ya IMO na kupendekeza tozo ya dola 100 kwa kila tani ya ukaa unaotolewa na meli. Walinufaika na meli, lakini hawakuuza ndimi zao.

NINI KIFANYIKE?

Kwanza, tupime. Hewa isiyopimwa haiwezi kutetewa. Bandari ya Malindi imepakana na nyumba za watu wa Malindi, Funguni na Mji Mkongwe, na meli ikishafunga gati huendelea kuwasha injini ndogo kwa ajili ya taa, mabarafu na mitambo yake. Sisi wa Kiembe Samaki tuna uwanja wa ndege upande mmoja na bahari upande wa pili. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar na vyuo vikuu vyetu viweke vipimo vya kudumu katika maeneo kama hayo, na matokeo yatangazwe hadharani kwa Kiswahili.

Pili, tukague. Kila meli inayotia mafuta hupewa hati inayoonesha kiwango cha salfa, na mkaguzi ana haki ya kuiona na kuchukua sampuli. Baada ya misiba ya MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, tulijifunza kwa machozi kuuliza idadi ya abiria na maboya. Tusingoje msiba usio na kishindo ndipo tujifunze kuuliza juu ya mafuta.

Tatu, tuwe macho na hila. Baadhi ya meli zimeruhusiwa kuendelea na mafuta machafu kwa kufunga mitambo ya kuoshea moshi. Mingi ya mitambo hiyo huuosha moshi kwa maji ya bahari, kisha maji hayo yenye tindikali na madini mazito humwagwa baharini humo humo. Huko ni kuitoa najisi katika nguo na kuitia kisimani. Denmark na Sweden zilipiga marufuku umwagaji huo katika maji yao kuanzia Julai 2025. Nasi wenye matumbawe ya Chumbe na Mnemba tuna sababu kubwa zaidi ya kuuzuia.

Nne, tujenge kwa busara. Bandari iliyopangwa Mangapwani iwekewe tokea mwanzo umeme wa kuziunganisha meli zikiwa gatini, ili zizime injini zao. Kuliweka jambo katika ramani ni rahisi kuliko kuja kulibomolea ukuta. Serikali yetu imeuita mwelekeo wake Uchumi wa Buluu, na buluu hiyo ni ya maji na ya mbingu pia.

Tano, na hili ndilo kubwa, tuombe kipimo kilicho sawa. Nchi kumi za upande wetu wa Bahari ya Hindi, kuanzia Somalia, Kenya na Tanzania hadi Komoro, Shelisheli na Afrika ya Kusini, tayari zimeungana katika Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kuyalinda mazingira ya bahari na pwani. Walichokifanya wenzetu wa Mediterania kupitia Mkataba wa Barcelona, nasi tunaweza kukifanya kupitia huu wa Nairobi: tukusanye vipimo, tuandike hoja, tuombe eneo letu la asilimia 0.10. Itachukua miaka. Lakini mnazi nao hupandwa na mtu ajuaye kwamba huenda dafu lake likanywewa na mjukuu.

Na sisi wa majumbani tuna sehemu yetu. Tuwafunze watoto wetu kwamba bahari haiishii pale maji yanapoishia, na kwamba hewa iliyo juu yake ni sehemu yake. Maimamu waiseme mimbarini. Wawakilishi wetu tuwaulize wanapokuja kutuomba kura. Wafanyabiashara wetu wanaokodi meli waulize ni mafuta gani yanayoubeba mzigo wao, kwani mwenye kukodi ana sauti kuliko anavyodhani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza vipimo, kwa nafsi zetu na kwa wenzetu, kwa tunaowaona na kwa wale walioko ng'ambo ya upeo wa macho. Awape afya wagonjwa wetu wa vifua, awarudishe salama mabaharia na wavuvi wetu, na atupe ujasiri wa kusema pale ambapo kunyamaza ni kushiriki. Amin.

Wabillahi tawfiq.